Gundi ya Kopo la Bluu

Jumanne saa mbili asubuhi Generoza alikata uzi wa mifuko kumi na miwili ya unga wa lishe, akaikung'uta, akaizamisha ndani ya pipa la maji nyuma ya banda la karatasi. Alikunja mikono ya gauni hadi kwenye viwiko akaikandamiza mpaka ikaacha kutoa mapovu. Alipoitoa mikono yake pipani ilikuwa mikavu. Mifuko ilikuwa imelowa, yeye hakulowa, na wala hakuitazama mara mbili, maana huo ulikuwa mwaka wa saba.

Kambini hakuna aliyekuwa analowa. Ilianza wiki ile ya hesabu ya kwanza, Warundi walipoandikishwa na kila mtu akapewa kadi ya chakula iliyopigwa nailoni pande zote mbili ili isiharibike. Jioni yake mvua ilinyesha, ikateleza juu ya watu ikaenda zake. Walidhani ni yale mafuta ya msaada, wakapunguza mafuta kwenye mboga. Haikusaidia, wakayarudisha. Ndani ya miili yao walikuwa wazima: kiu walisikia, maji walikunywa. Ni juu ya ngozi tu ndipo maji hayakukaa. Nguo zililowa, aliyezivaa hakulowa. Kuoga kukawa kujisugua kwa kitambaa na jivu, na machozi ya watu wa kambi yakawa yanadondoka upesi kuliko ya watu wengine, kwa kuwa hayakuwa na pa kushika.

Polisi ndio waliofaidika. Sheria ilisema mkimbizi asivuke kilomita nne kutoka kambini bila kibali, na kizuizi kiliwekwa hapo kwenye barabara iendayo Nyamiaga. Lakini jamani, Mhangaza mwenyeji wa hapo na Mrundi utawatenganishaje? Sura zilezile, lugha zinaelewana, na kadi mtu anaificha kwenye soksi. Basi wakaleta ndoo. Afande Desderius, mtu wa Biharamulo, alikaa pale na ndoo yake na kikombe cha bati, akimmwagia kila mpitaji maji mkononi. Aliyelowa alipita. Aliyebaki mkavu alirudi. Wenyeji walilalamika mwezi wa Julai tu, asubuhi za baridi. Desderius hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na ndoo.

Generoza alikuwa na binti mmoja, Irakoze, na binti huyo alikuwa analowa. Siku ya hesabu ya kwanza alikuwa na surua, amelala kwenye hema la wagonjwa, na asiyekuwepo na lake halipo: karani hakumwandika. Miaka minne mama yake alizunguka madirisha akiomba aandikwe, akafukuzwa kila dirisha, na mgao wa mtu mmoja ukaliwa na watu wawili. Generoza alimlaumu Mungu waziwazi. Kumbe Mungu alikuwa na hesabu zake. Irakoze alikua mwembamba na mwenye kulowa, na alipofika miaka kumi na tisa alinyoosha mkono mbele ya ndoo, ukalowa, akapita, akaolewa na Privatus, kijana wa migomba wa Nyamiaga aliyekuwa akileta ndizi kwenye soko la kambi.

Tangu hapo hakurudi ndani. Yeyote anayekutwa kambini siku ya hesabu anahesabiwa, na siku ya hesabu haitangazwi. Mama na binti walionana Jumatatu, kizuizini. Irakoze alisimama kwenye mti wa kizuizi upande wa Nyamiaga. Generoza alisimama nyuma ya mstari wa chokaa, hatua sita upande wa kambi. Walizungumza kwa sauti, na Desderius, akiwa katikati, hakuwa na namna ya kutosikia.

"Mama," Irakoze alisema Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, "nina mimba. Miezi mitatu sasa."

"Hongera," alisema Desderius.

"Mungu wangu!" alisema Generoza, akapiga hatua mbili, Desderius akasimama, mama akarudi hatua mbili.

Kwa watu hawa mtoto akizaliwa huendi kumtazama hivi hivi. Unakwenda kuhemba: unabeba unga, maharage, na pombe ya ndizi kama ipo, unaingia ndani, unampa mzazi ale apate nguvu, na mtoto anawekwa mikononi mwako. Mama mzazi wa binti asipofika, majirani hawaulizi kwa nini. Wanakaa kimya tu, na kimya hicho binti anakibeba. Generoza alitaka kitu hicho kimoja: kufika Nyamiaga, hatua sita na kilomita mbili, amshike mjukuu wake.

Alikwenda dirisha namba tatu kuomba kibali. Karani alipitisha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ugonjwa ulikuwemo. Mahakama ilikuwemo. Msiba ulikuwemo.

"Kuzaliwa hakumo, mama," alisema. "Angekuwa amekufa mtu, ningekugongea muhuri sasa hivi."

Ndipo alipokuja Frida. Frida alikuwa msichana wa Kizinza wa shirika lililoshughulikia usafi wa kambi, mpole, mwenye viatu vilivyojaa vumbi jekundu na kalamu tatu mfukoni. Alimkuta Generoza bandani pamoja na mzee Ndikuriyo, ambaye kazi yake ilikuwa kutwanga karatasi kuukuu kwenye kinu zipate kutengenezwa upya.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu ukae, hapo pamekauka."

Habari aliyoleta ilikuwa ya mifuko. Mifuko elfu nne ya unga iliingia kambini kila mwezi. Kila mmoja ulikuwa na karatasi mbili za kaki na nailoni iliyobandikwa kwa gundi upande wa ndani. Kiwanda cha karatasi kule Mwanza kiliikataa, kwa sababu ukiitwanga karatasi inatoka na vipande vya nailoni, na ukiichuja unabaki na uji usiofaa kitu. Kwa hiyo ilichomwa kwenye shimo, na moshi wake mweusi ulishuka hadi Benaco, kwenye kambi ambako Wanyarwanda walikuwa wamekwisha kuondoka na majani yalikuwa yanaanza kuota. Wakubwa wa shirika walitaka mfuko mpya, mfuko utakaoweza kurudi kuwa karatasi. Na Generoza, kabla ya vita, alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika karakana ya maboksi ya sabuni Bujumbura.

"Ukikubaliwa, mama," alisema Frida, "utakwenda mwenyewe Ngara mjini kuuonyesha. Nitakuombea kibali mimi."

Njia ya Ngara mjini inapita Nyamiaga. Generoza alifunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Niletee uzi," alisema.

Alifanya kazi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Siku mbili za kwanza hakushika chochote. Alikaa mbele ya mfuko wa zamani akiutazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi mkaidi. Siku ya tatu alimwambia Ndikuriyo kwamba watu wanaisingizia nailoni bure. Nailoni ina kazi yake. Bila nailoni unga unaingia unyevu, unaota ukungu, mtoto anaharisha. Vitu viwili kukaa pamoja si dhambi, alisema. Dhambi ni kuvibandika hadi visiweze kuachana.

"Basi mfuko nao uandikiwe talaka," alisema Ndikuriyo.

"Sitaki talaka, nataka foronya."

Alishona mfuko wa nailoni peke yake, mwembamba, akauingiza ndani ya mfuko wa kaki kama mto unavyoingia kwenye foronya, bila tone la gundi katikati. Mdomoni aliishikanisha kwa mshono mmoja wa uzi wa pamba, mshono wa mnyororo, ambao ukivuta ncha yake unafumuka wote kwa mkupuo. Kitako alikikunja mara tatu, akakibandika kwa uji mzito wa muhogo. Jina la unga alilipiga kwa muhuri juu ya kaki yenyewe, badala ya lebo. Ndikuriyo aliuinua juu, akachungulia ndani.

"Umevaa shimizi," alisema.

"Na wewe uwe na adabu."

Walijaza unga, wakaudondosha kutoka juu ya meza mara ishirini. Waliuacha mvuani siku nzima: kaki ililowa, nailoni haikupitisha kitu, unga ukatoka mkavu. Kisha walimwita mjukuu wa jirani, wa miaka mitano, wakamwambia auvue. Akavuta uzi, akachomoa nailoni, akacheka. Kaki ilipotiwa pipani, robo saa tu ikawa rojo safi. Generoza alitandaza rojo hilo juu ya fremu ya chandarua akalianika, na alasiri akawa na karatasi ambayo ungeweza kuandikia barua ya posa. Alifurahi mpaka akaimba, na sauti yake si ya kuimba.

Lakini wakubwa walitaka kitako chenye nguvu zaidi ya uji wa muhogo, wakaleta gundi nne zipimwe. Ya kwanza ilikuwa ya wanga. Ya pili ya ngano. Ya tatu ilikuwa ile nyeupe iliyotumika pia kubandika nailoni za kadi za chakula. Ya nne ilikuja kwenye kopo la bluu lisilo na maandishi, na ilinuka ndizi iliyoiva ikapitiliza. Generoza alibandika vipande, akaviloweka kwenye maji matupu, maji ya moto, na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo ni makali na kila mwanamke wa huko anayajua. Mkono wa kulia ulishika kalamu, kwa kuwa alikuwa akiandika kila saa kilichoonekana. Wa kushoto ulikoroga.

Siku ya tatu, gundi ya kadi iliachia. Saa hiyohiyo kitu chembamba kiliachia pia kwenye kiwiko cha mkono wake wa kushoto, kikajikunja kuelekea kwenye vidole, kikabanduka kama ile ngozi ya ndani ya yai la kuchemsha. Generoza alikivuta taratibu, kikatoka kizima, chenye vidole vitano na kucha. Alikianika kwenye kamba pamoja na karatasi. Kisha alizamisha mkono kwenye pipa la maji matupu.

Alikuwa amesahau kwamba maji ni ya baridi. Hilo ndilo lililomliza. Miaka saba alikuwa akiyatumia maji na hakukumbuka kwamba yana baridi.

Ndikuriyo alikuja akautazama mkono.

"Umelowa," alisema.

"Umelowa."

"Mimi ningejitumbukiza mzima leo hii, nitoke kama nilivyozaliwa, nipite kwa Desderius."

"Majivu ya mtu mzima ni mapipa matatu. Na anayelowa hapati mgao, unalijua hilo." Kweli, hata dirisha la chakula walikuwa na kikombe chao. "Halafu nina ripoti ya kumaliza. Kwa nini nipite kama mwizi wakati nitapita kwa barua?"

"Haya," alisema Ndikuriyo, kwa ile sauti ya mtu asiyekubali.

Hata hivyo alianza kumkusanyia maganda ya ndizi, kidogo kidogo, akiyachoma na kuhifadhi majivu kwenye mifuko ya zamani. Huo ulikuwa mwezi wa pili, na Irakoze kwenye mti wa kizuizi alikuwa sasa anashika kiuno akisimama.

Ripoti ilikuwa na kurasa sita, kwenye karatasi aliyoitengeneza mwenyewe. Aliandika vipimo vya mfuko, mikunjo, mshono. Aliandika: gundi ya wanga huachia kwa maji matupu, inafaa. Gundi ya ngano huachia, inafaa, ila panya wanaipenda. Gundi ya tatu, ile ya kadi za chakula, huachia kwa maji ya majivu siku ya tatu, na kwenye ngozi pia. Gundi ya kopo la bluu haiachii kwa maji, kwa moto, wala kwa majivu, hata siku ya tisa. Kilichobandikwa nayo hakirudi tena kuwa kilivyokuwa. Isitumike.

Ndikuriyo alisoma akisogeza midomo. Aliweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Hili la kadi na ngozi usiliandike."

"Nimelipima."

"Mama Irakoze, nakuomba. Si kila kilichopimwa kinaandikwa."

"Bujumbura, kwenye maboksi, tulikuwa tunaandika vyote. Ukianza kuchagua cha kuandika, umekuwa mchuuzi, siyo fundi." Akakunja ripoti, akamkabidhi Frida kwa mikono miwili, kwa heshima, na mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa na unyevu.

Jibu lilichukua wiki tano. Siku hizo Generoza alipiga pasi gauni lake la njano kwa pasi ya mkaa mara nne. Jibu lilipokuja, Frida alisimama mlangoni pa banda bila kuingia.

"Mfuko umekubaliwa, mama. Wameusifu sana. Wanaufanya kwa kambi zote."

"Na kibali?"

Frida alitazama viatu vyake. "Wamesema mfuko unajieleza wenyewe. Nimeupeleka mimi."

Generoza aliegemeza fremu ya chandarua ukutani. Alikasirika, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumshukia, kwa kuwa Frida alikuwa anakaribia kulia. Alimwambia akae anywe uji. Msichana wa watu alipoondoka, alimgeukia Ndikuriyo.

"Majivu yako wapi?"

Yalikuwa mapipa mawili na nusu. Nusu iliyobaki ilihitaji siku tatu za maganda, wakakubaliana siku iwe Jumamosi.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi kambi ilizungukwa. Ilikuwa hesabu. Watu walitolewa kwenye vibanda wakapangwa mistari kwenye uwanja wa mgao, wakakaa jua zima. Kadi za zamani zilikusanywa. Mezani kulikuwa na mashine mpya, na kila kadi mpya ilipopita kati ya roli zake ilitoka inang'aa pande mbili. Generoza alipokuwa bado watu thelathini nyuma, upepo uligeuka, akasikia harufu ya ndizi iliyoiva ikapitiliza.

Alielewa palepale. Aligeuka atoke mstarini, askari akamrudisha. Alikuwa amekuja na mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, kwa kuwa majivu yalikuwa yameuunguza. Karani aliuuliza.

"Huo una nini?"

"Umeungua."

"Ufungue nione."

"Ngozi imetoka, mwanangu."

Karani alikuwa na watu elfu sita wa kuhesabu. Alichukua dole gumba la kulia, akaandika: mkono wa kushoto, haukuonekana. Kadi ikapita kwenye mashine.

Jumamosi Generoza alikaa ndani ya mapipa ya majivu, moja baada ya jingine, kutwa nzima, na Jumapili baada ya misa akarudi tena. Majirani waliopita walimsalimia. Aliungua mabega na magoti, na aliposimama maji yaliteleza yote yakarudi pipani, hakubaki na tone. Mkono wa kushoto peke yake ulikuwa umelowa hadi kwenye kiwiko. Ndikuriyo alimpa kanga, akampa mgongo.

"Niliandika isitumike," alisema Generoza. "Niliandika kwa herufi kubwa."

"Wamekusoma vizuri," alisema Ndikuriyo. "Hawajawahi kutusoma vizuri hivyo."

Mifuko mipya ilifika mwezi wa nne, na ilikuwa kazi yake barabara, mshono kwa mshono. Wanawake walivuta uzi, wakachomoa nailoni, wakairudisha kaki. Kila Alhamisi lori lilipakia kaki likapita kizuizini bila kusimama, likaenda Mwanza, na baada ya wiki chache kaki ileile ilirudi ikiwa mifuko mingine. Madereva walilala Nyakanazi kwenye gesti, na mifuko ikalala nyuma ya lori ikinuka nyama choma. Ndikuriyo alijifunza kuitambua.

"Huu umekwisha kulala Nyakanazi mara tatu," alisema, akiunusa mmoja. "Umetembea kuliko mimi."

Mtoto alizaliwa wiki ya pili baada ya Pasaka, wa kike, mzima, akaitwa Keza. Privatus ndiye aliyeleta habari kizuizini, akamwamkia mama mkwe wake kwa mbali, macho chini kama inavyopasa, akasema mzazi anakula vizuri na mtoto ana sauti. Wakaafikiana kwamba mtoto akiweza kutolewa nje, Irakoze atamleta mtini.

Jumatatu hiyo Generoza alivaa gauni la njano. Mkono mtupu haulambwi: alibeba unga kilo tano, aliouweka akiba kwenye mgao wake tangu mwezi wa kumi, ndani ya mfuko wake mwenyewe. Irakoze alikuwa tayari pale na Keza kwenye shuka, na Privatus nyuma yake. Generoza hakusimama kwenye mstari wa chokaa. Aliuvuka, akaenda hadi kwenye ndoo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mama Irakoze," alisema Desderius.

"Mwaga."

Desderius alimwaga. Mkono wa kulia ulibaki mkavu. Wa kushoto ulilowa. Alimwaga tena, kuhakikisha, kisha akamwaga begani na usoni, akaona maji yanavyokwenda. Alifungua kitabu cha maagizo, akasoma ukurasa mzima polepole. Maagizo yalisema kinacholowa kipite na kisicholowa kisipite. Hayakusema lazima kiwe kizima.

"Mkono wa kushoto upite," alisema. "Mwenyewe abaki."

"Na unga?"

"Mfuko unalowa. Upite."

Basi mfuko ukapita kwanza, Privatus akaupokea. Generoza akaja akasimama kifua kikigusa mti wa kizuizi, akapitisha mkono juu yake hadi kwenye kiwiko. Irakoze alisogea, akaweka kichwa cha mtoto kwenye kiganja cha mama yake. Kilienea chote.

"Mjukuu wangu, nisamehe," alisema Generoza. "Nakushika kwa mkono wa kushoto kama mtu asiyefunzwa. Ndio niliobaki nao."

Irakoze alilia. Desderius aliandika kwenye daftari: mkono wa kushoto, mmoja, umetoka saa nne kamili, umerudi saa nne na nusu.

Ikawa hivyo kila Jumatatu. Mkono ulijifunza mtoto. Ulijua wiki ambayo utosi wake ulianza kuwa mgumu, ulijua homa kabla ya mama yake, na mtoto naye alianza kuukamata kidole cha shahada akakivuta mdomoni. Watu wa Nyamiaga waliokuwa wakipita walisema, "Bibi yake ni yule," wakionyesha mkono.

Mwezi wa nane Frida alikuja bandani anakimbia, akitabasamu mpaka masikioni. Alikuwa amehangaika miezi mitatu, ofisi hadi ofisi, kwa nauli yake.

"Shikamoo mama! Nimekipata! Kuanzia Jumamosi wiki hii kila kinachopita kizuizini lazima kiwe na kibali, nami nimekupatia cha mkono. Cha mwaka mzima!"

Kilikuwa kadi ndogo, nzuri, iliyoandikwa kwa taipu: Mkono wa kushoto wa Generoza. Ilikuwa inang'aa pande mbili. Generoza hakuishika. Aliinama juu yake akavuta hewa, akasikia ndizi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Mungu akubariki. Kiweke juu ya meza."

"Hukipokei?"

"Mikono yangu ina kazi."

Frida alikiweka mezani, akaaga, akaenda na furaha yake. Generoza hakumwambia. Msichana wa watu alikuwa amejitahidi, na hakuona faida ya kuwa wawili wenye uchungu. Ndikuriyo aliacha kutwanga.

"Ukikishika," alisema, "mkono utakauka, na Desderius ataurudisha."

"Ndiyo."

"Usipokishika, mkono hauna kibali, na Desderius ataurudisha."

"Ndiyo, mzee. Twanga."

Hiyo ilikuwa asubuhi ya Jumatatu. Saa nne alikuwa kizuizini. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imekuja mapema, nyepesi, na Privatus alikuwa amemfunika mke wake kwa jani la mgomba. Desderius hakuchota maji kwenye ndoo siku hiyo. Aliutazama mkono ukinyeshewa, akainua kidole, ukapita. Keza alikuwa na miezi minne. Aliudaka kwa mikono yote miwili, akacheka, na upande ule wa mti kila kitu kilikuwa kinalowa: mtoto, mama yake, baba yake, barabara, na mkono hadi kwenye kiwiko. Upande huu mvua ilimpiga Generoza usoni ikateleza.

"Mama, Jumatatu ijayo nikuletee nini?" aliuliza Irakoze. "Nimesikia habari za vibali. Wamesema chako kimetoka."

"Kimetoka," alisema Generoza. "Kiko mezani."

"Basi tushukuru Mungu."

"Tushukuru."

Alikaa na mtoto mpaka akasinzia, kichwa kwenye kiganja. Desderius, ambaye alikuwa na saa mkononi na nakala ya tangazo la vibali mfukoni, hakumharakisha. Irakoze alipomchukua mwanawe, mkono ulibaki juu ya mti kitambo, wazi, ukijaa mvua, kisha ukarudi. Desderius akafungua daftari, akalikinga kwa kofia. Mkono wa kushoto, mmoja, aliandika. Umetoka saa nne kamili. Umerudi saa sita.